Fundi wa Masofa na Mashine ya Makasia

Mizani ya daktari haina adabu. Fundi wa masofa alisimama juu yake na ovaroli lake la kazini, kidevu juu, kama mtu aliyekuja kuchukua zawadi, na mizani ikamwaibisha mbele ya watu. Damu yake ilikuwa imekubali. Moyo umekubali. Figo zake mbili zilipigwa picha na daktari mwenyewe akazisifu. Zilizokataa ni kilo.

"Toa kwanza uzito wa misumari, daktari," alisema, akaingiza mkono mfukoni na kuchota konzi nzima ya vimisumari vya kupigilia vitambaa. Akaimwaga mezani, juu ya karatasi za watu. Akachota nyingine. "Pima tena."

Daktari alipima tena, maana naye ni binadamu. Mshale ukasogea kidogo, ukacheka, ukatulia palepale pabaya.

"Mama, sikatai figo yako," daktari alisema. "Nakataa kukulaza mezani ukiwa na uzito huu. Upasuaji utakuwa wa hatari, na figo moja utakayobaki nayo itabebeshwa mzigo wa mbili. Rudi baada ya miezi mitatu ukiwa umepungua, tutazungumza lugha moja. Lakini mdogo wako hana muda wa kukusubiri milele."

Basi ndiyo hivyo. Mdogo wake huyo alikuwa kinyozi, mtu wa maneno mengi na mkasi mwepesi, ambaye figo zake zote mbili ziligoma bila hata kutoa notisi. Mara tatu kwa wiki alikwenda hospitali akafungwa kwenye mashine ya kusafisha damu, akarudi amesawijika kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Duka la kunyolea alilifunga, kwa sababu miguu haikumbeba tena kusimama nyuma ya kiti. Hata haja ndogo ilikuwa imemkatikia. "Dada," alimwambia fundi siku moja, anacheka lakini macho hayacheki, "nimesahau hata choo kiko upande gani wa nyumba."

Dada yake ndiye aliyefanana naye damu. Wamezaliwa wawili tu, tumbo moja, na mama yao anaishi kwa fundi. Mume wa fundi, dereva wa malori na mtu anayeonekana nyumbani kama mgeni wa heshima, alipoulizwa kwa simu alijibu, "Figo ni zako mbili, mimi sina hisa. Toa moja, nyingine utunze." Kwa hiyo kila kitu kilibaki mabegani mwa fundi, na mabega yale, jamani, yalikuwa yamezoea kubeba.

Mashine ya makasia ilikuwa ya kinyozi. Aliinunua enzi zile alipoambiwa apunguze kitambi, akapiga makasia juma zima kwa mbwembwe, kisha akaanza kuianikia nguo. Miaka ikapita, soksi zake ndizo zinazofanya mazoezi. Fundi alikwenda, akazitoa soksi moja baada ya nyingine, akaikunja ile mashine na kuibeba mpaka karakanani kwake, akaiweka katikati ya fremu za viti na marobota ya sponji, karibu na mlango ambako kuna hewa.

"Hii itanitosha," alisema, akaipiga kofi kama anampiga ng'ombe mgongoni.

Mashine yenyewe haina siri. Reli ndefu, kiti kinachoteleza mbele na nyuma juu yake, vikanyagio viwili vya kufungia miguu, na mpini wenye mnyororo unaozungusha feni mbele. Ukivuta, feni inavuma. Pembeni ya feni kuna kishikizo cha kuongeza uzito wa kuvuta. Fundi hakuuliza mtu. Alikisukuma kishikizo mpaka mwisho wa njia, akajifunga miguu, akakamata mpini na kuuvuta kwa mikono yake miwili, ile mikono iliyopigilia nusu ya makochi ya mtaa ule. Feni ililia. Seremala wa jirani alitoka nje na randa mkononi.

"Fundi! Unakwenda ng'ambo ipi?"

"Ninakokwenda huna nauli!"

"Mbona unakwenda kinyumenyume?"

Alitaka kumjibu, jibu alikuwa nalo, tena kali, lakini pumzi ilikuwa imeshakata. Alivuta mara chache tena kwa kiburi tu, kisha akateremka kwenye kile kiti kwa magoti, akakaa sakafuni hoi bin taaban, jasho linamtoka mpaka masikioni. Seremala alirudi kwake anapiga mluzi.

Siku zilizofuata hazikuwa nzuri. Viganja vilitoka malengelenge. Mgongo ulimuuma hata kuinamia cherehani ikawa shida. Lakini fundi ni mtu wa kujikaza kisabuni. Kila asubuhi kabla ya kazi alikamata mpini ule na kuuvuta kama anagombania kamba na adui. Dakika tano haziishi ila ameachia. Kinyozi, ambaye siku asizokwenda hospitali alikuja kujilaza kwenye kochi lolote lililokuwa karibu kumalizika, "kuzijaribu springi" kama alivyosema mwenyewe, alimtazama hivyo kwa siku kadhaa bila kusema neno, na kwa kinyozi hiyo ni miujiza.

Mwishowe akasema. "Dada. Ngozi ya kiti unaivutaje?"

"Unaniuliza kazi yangu?"

"Nakuuliza. Ivute niione."

Palikuwa na kiti cha ofisi pale, ngozi yake mpya bado haijapigiliwa. Fundi akabana ncha ya ngozi kwa koleo, akaweka unyayo kwenye fremu, akasukuma kwa mguu, mwili ukarudi nyuma, na mikono ikamalizia mwishoni, kidogo tu, ngozi ikanyooka bila kunyanzi. Akabaki ameganda hivyohivyo, koleo mkononi.

"Ala!"

"Ala nini? Miguu, kiwiliwili, mikono. Umeifanya kazi hiyo tangu sijaota ndevu. Kwenye mashine unaanza na mikono, mgongo unafuata unalia, na miguu imekaa kama wageni wanaosubiri chai." Kinyozi alijiinua kidogo kwenye kochi, uso wake umepata uhai kidogo. "Na hicho kishikizo kirudishe chini ya katikati. Nani kakwambia kuna mashindano? Ukirudi, rudi polepole: mikono kwanza, kiwiliwili, magoti yakunjike mwisho. Kurudi ndiko kupumzika. Wewe unarudi mbio kama umeibiwa."

"Kama ulikuwa unayajua yote haya, mbona ulianika soksi?"

"Nilikuwa najua, dada. Nilikuwa mvivu."

Fundi akakaa tena kwenye mashine. Akasukuma kwa miguu. Feni haikulia safari hii, ilivuma, na kiti kikateleza nyuma kirefu, laini, kikarudi. Akasukuma tena. Mapaja yake, ambayo maisha yake yote aliyaona kuwa ni unene tu, yalikuwa na nguvu ambayo hakuwahi kuiomba. Alicheka kwa sauti, peke yake, mdomo wazi.

Tangu siku ile mambo yakawa na mpango. Kinyozi akawa kocha, kwa kujiteua. Amri yake ilikuwa kwamba mtu anayeanza asipige makasia mpaka afe. Apige kwa kiasi ambacho bado anaweza kuongea, na siku moja moja aache mwili upumzike. Na kwa kuwa wale ndugu hawajawahi kuongea bila kubishana, kipimo cha pumzi kikawa ubishi. Kinyozi alichokoza: nani aliyevunja redio ya mama? Mwanzoni fundi aliweza kujibu "Wewe!" tu, basi, pumzi imekwisha. Baada ya wiki kadhaa akaweza kusema, "Wewe, na ukanisingizia mimi!" Ilipofika siku ambayo, huku anasukuma na kuteleza, alimpa kisa kizima cha redio ile, tangu ilipoanguka mpaka nani alichapwa na nani alijificha chini ya kitanda, bila kusita hata mara moja, kinyozi alipiga makofi akiwa amelala.

"Sasa umeiva," alisema.

Ila mizani haikusikia habari hizo. Fundi alipima kwenye duka la dawa la kona: mwezi wa kwanza mshale ulisogea vizuri, wa pili ukasimama kama nguzo. Alikuwa ameacha soda. Ameacha vitumbua vya asubuhi na kijiko cha pili cha sukari kwenye chai. Mchana anakula kidogo, jioni anakunywa supu ya mboga anayopikiwa na mama yake, bakuli moja, basi. Alipima tena wiki iliyofuata. Nguzo. Seremala akasema labda mizani ni mbovu. Fundi akampandisha seremala juu yake, ikasema kweli tupu.

Jibu alilipata kwa kusahau sindano. Ilikuwa mchana, ameanza kushona mto wa kochi, akakumbuka kwamba ile sindano ndefu iliyopinda aliiacha nyumbani alipokuwa anamrekebishia mama yake godoro. Akarudi. Alipoingia jikoni kwa mlango wa nyuma alimkuta mama yake amesimama mbele ya sufuria ya supu, kopo la siagi mkono mmoja, kijiko cha kupakulia mkono mwingine. Haikuwa siagi ya kuonja. Mama aliichota, akaizamisha, akakoroga mpaka ikapotea, akachota tena.

"Mama!"

Mama hakushtuka hata. Aliweka kijiko chini taratibu, kama aliyekuwa anangoja siku hii.

"Mtu anayekwenda kukatwa kiungo ale majani matupu?" alisema.

"Mama, daktari amesema nipungue! Unajua! Kila siku navuka bahari kwenye ile mashine, jasho linanitoka mpaka nyayoni, kumbe jioni wewe unanirudisha pwani!"

"Najua alichosema daktari."

"Sasa?"

Mama yake aliketi kwenye kigoda. Ni mwanamke aliyekula chumvi nyingi. "Nimezaa wawili tu," alisema. "Daktari anataka kuwalaza wote siku moja, mmoja chumba hiki, mmoja kile, visu huku na visu kule. Mimi nikae kwenye benchi nimsubiri nani? Nilipoona mwezi wa kwanza umepungua, nikasema, mizani ikikataa, angalau mmoja atabaki."

Fundi alikuwa na maneno makali mdomoni, yalikuwa yamejipanga tayari, na yote yakarudi yalikotoka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Alimwonea huruma mama yake na akamkasirikia, vyote viwili kwa pamoja, na hasira ikamtoa machozi.

"Na yule mwingine, mama?"

Mama aliangalia sufuria.

"Kesho unakuja karakana," fundi alisema, akachukua sindano yake na kuondoka. Usiku ule hakula supu. Kwa kinyozi hakusema kitu.

Asubuhi mama alikuja, amejifunga kitambaa kichwani kama anayekwenda msibani, akakaa kwenye kiti ambacho bado hakina sponji. Kinyozi alikuwa amelala kwenye kochi la wateja, usiku wake ulikuwa mbaya, mdomo uko wazi kidogo. Fundi hakumwamsha. Alijifunga miguu na kuanza. Hakukuwa na ubishi siku hiyo, ni feni tu inavuma, kiti kinakwenda, kinarudi, kinakwenda, kinarudi, na mgongo wa fundi umenyooka kama ubao wa seremala. Mama alitazama. Nusu saa nzima fundi alisukuma, akateremka kwa miguu yake mwenyewe, akanywa maji amesimama.

Gari la mteja likaja kuchukua kochi la watu watatu. Fundi akashika upande mmoja, seremala akaitwa ashike mwingine. Walipofika ngazi za nje seremala akalitua, akashika kiuno, akaomba apumzike. Fundi alibaki ameshikilia upande wake hewani.

"Tua basi!" seremala alisema.

"Nitue kwa nini? Pumzika wewe, mimi sijambo."

Mama aliona hayo yote. Lakini fundi aliporudi ndani alimkuta hatazami mlangoni tena. Alikuwa amepiga magoti mwishoni mwa kochi la kinyozi, amemvua mwanawe soksi moja. Kidole gumba chake kilikuwa kimekandamiza kifundo cha mguu uliovimba kwa maji. Alipokiondoa, shimo la kidole lilibaki palepale kwenye ngozi, halikujaa. Mama alilitazama shimo lile muda mrefu. Kinyozi alipofika nyumbani kila mara alimwambia hajambo, akamtania, miguu ameificha ndani ya viatu vikubwa. Mama hakuwa ameona, au hakutaka kuona.

Akamvalisha soksi yake polepole ili asimwamshe. "Wewe hujakonda," alimwambia fundi, bila kugeuka. "Wewe umekaza." Kisha akaenda zake.

Jioni ile fundi alipofunua bakuli la supu aliona mpaka maua yaliyochorwa chini yake. Aliinywa yote, na ilikuwa haina ladha hata kidogo, na hakuwahi kunywa supu tamu kama ile.

Muda uliobaki ulikuwa mfupi na kinyozi alikuwa anazidi kudhoofu. Siku nyingine alikuja kubishana, siku nyingine alilala tu huku dada yake anabishana peke yake, anauliza na kujibu. Alipiga makasia hivyohivyo. Hakuongeza kishikizo, hakukimbilia muda, alishika mpango kama anavyoshika mstari wa chaki kwenye kitambaa. Ovaroli likaanza kumpwaya. Akalipunguza kwa cherehani yake mwenyewe, likampwaya tena.

Siku ya kupimwa mama alisema anakwenda naye. Fundi alitoka moja kwa moja karakana, kwa kuwa alikuwa na kazi ya kumaliza, na walipoingia kwa daktari kinyozi alikuwa kwenye kiti cha magurudumu mlangoni, amekuja kushuhudia, anasema anataka kuona bondia akipimwa. Daktari alionyesha mizani. Fundi akapanda.

Mshale ukapanda, ukasogea, ukasimama upande mbaya wa mstari. Upande mbaya, lakini karibu, karibu mno, nywele tu.

Kinyozi aliinua shingo kwenye kiti cha magurudumu.

"Ngoja," mama alisema.

Akaja mbele. Mwanamke yule mtu mzima, magoti yake yanalia, akainama pale chini ya mizani na kufungua kamba za viatu vya fundi, kimoja, kingine, akavivuta miguuni kama enzi alipokuwa anamvua mwanawe akitoka shule. Akavishika mkononi. Akasimama. Akamtoa bangili. Akamtoa hereni. Akamfungua kitambaa cha kichwani, akachomoa pini za nywele. Fundi alisimama amenyoosha mikono kama mtoto anayeogeshwa. Halafu mama akaingiza mkono mfuko wa kulia wa ovaroli, akatoa konzi ya misumari. Mfuko wa kushoto, konzi nyingine. Mfuko wa kifuani, misumari, chaki, na koleo dogo. Mfuko wa nyuma, misumari tena.

"Wewe mtoto una duka humu?" mama alisema.

Mshale ulitikisika, ukashuka, ukavuka mstari, ukatulia.

Daktari aliinama kuusoma, kisha akaandika uzito. "Inatosha," alisema.

Mama alibaki amesimama na viatu kwapani, misumari imemjaa viganjani mpaka inadondoka sakafuni, na hakuiokota.

Siku ya upasuaji fundi haijui vizuri. Anakumbuka taa za dari zinapita juu yake, anakumbuka kinyozi kwenye kitanda cha pili koridoni akimwambia, "Dada, ile redio ni mimi," na yeye akamjibu, "Nilikuwa najua, mjinga wewe," halafu milango ikawatenga. Baada ya hapo hakuna kitu.

Alipofungua macho kinywa kilikuwa kikavu kama sponji, ubavu umefungwa bandeji, na mama yake ameketi karibu naye sana, ana jozi mbili za viatu mapajani: vya fundi, na vile vikubwa vya kinyozi. Fundi alitaka kuuliza, sauti haikutoka. Mama alielewa. Alimwinamia sikioni, uso umelowa machozi na meno yote nje kwa kicheko.

"Mdogo wako amekojoa," alisema. "Amekojoa mpaka wamebadilisha mfuko!"

Fundi alicheka. Nyuzi za ubavuni zilimchoma, akasema aaah, akashika ubavu kwa mikono yake miwili, na akaendelea kucheka.